Kuni za Melita

Somo: Matendo ya Mitume, sura ya 27 na ya 28



Mtakumbuka kwamba mwezi wa Oktoba 2025 watatu kati yetu tulikwenda Uingereza kuwatembelea Wakristo wa parishi rafiki, na kwamba Jumapili mliyotutazamia Ekaristi iliongozwa na padre wa kuazima. Tangazo lililosomwa siku ile lilisema tumecheleweshwa na ndege. Tangazo lilikuwa la kweli, ila halikusema yote. Kwaresima hii tumeona ni heri tuwaambieni sehemu iliyobaki, pamoja na aibu yetu iliyomo ndani yake.

Tuliondoka Uingereza Alhamisi mchana. Ilitupasa kubadili ndege katika kiwanja kimoja kikubwa cha Ulaya, tupande ya usiku, na Ijumaa asubuhi tuwe Dar es Salaam. Tulipofika kwenye geti ubao ukaandika kuchelewa kwa saa mbili. Baadaye saa nne. Karibu na usiku wa manane ukaandika kwamba safari imefutwa. Ndege ilikuwa na hitilafu, na hata mafundi walipoitengeneza, marubani walikuwa wamemaliza saa zao. Hili wengi wetu hatukulijua: rubani ana saa zake za kazi zilizowekwa kisheria, na zikiisha haruhusiwi kurusha ndege, hata kama abiria wote wamekwisha kufunga mikanda. Ni sheria njema. Nani kati yetu angependa kurushwa juu ya Sahara na mtu anayesinzia?

Basi tukapanga foleni. Abiria wengi walipewa karatasi ya hoteli wakapelekwa kwa basi kulala. Zamu yetu ilipofika, karani alifungua pasipoti zetu, akazitazama, akazifunga. Viza zetu zilikuwa za Uingereza. Za nchi ile hatukuwa nazo, maana hatukukusudia kukanyaga ardhi yake. Kitanda kilikuwapo na kilikuwa haki yetu, lakini mlango wa kukiendea haukuwa wetu. Tukaambiwa tubaki ndani. Tukabaki usiku ule na uliofuata, juu ya viti vya chuma vilivyotiwa mikono katikati ili mtu asiweze kujinyoosha.

Ijumaa asubuhi simu ya mama yetu mmoja wa Umoja wa Mama ikalia. Dada yake mkubwa, aliyemlea baada ya mama yao kufariki, alikuwa ameaga dunia usiku ule kijijini karibu na Magila. Tukarudi kaunta mbio. Ndege ya jioni ile ilikuwa imejaa. Tumewekwa ya Jumamosi usiku. Ndugu wa Muheza walipiga simu mara nyingi siku ile: tungojee au tuzike? Wazee wakaamua kuzika Jumamosi saa tisa alasiri. Hatuwalaumu. Watu walikuwa wamekwisha kukusanyika kutoka mbali, na hakuna aliyeweza kuwahakikishia kwamba ndege ya Jumamosi nayo itaruka.

Hapo ndipo aibu ilipo. Mmoja wetu, yule aliyevaa kola, alikwenda kumwambia binti wa kaunta maneno ambayo hatutayaandika humu. Hayakuwa matusi. Yalisemwa kwa sauti ya chini na kwa Kiingereza safi, na yalikusudiwa kuumiza, na yaliumiza. Binti yule hakuiharibu ndege, hakuitunga sheria ya viza, na hakuwa na uwezo wa kutengeneza kiti kimoja mahali pasipo na kiti. Alikuwa amesimama pale tangu alfajiri akilaumiwa kwa lugha saba. Jioni mwenye kola alirudi kumwomba radhi akakuta zamu imebadilika. Hakumwona tena. Deni hilo amelipeleka madhabahuni, lakini mwenyewe hajalipwa.

Na yule yule, akitaka kuwa mchungaji baada ya kuwa mbwa mwitu, alikaa karibu na mama yetu akaanza kumweleza Warumi 8, jinsi Mungu anavyoyaongoza mambo yote yawafae wampendao. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, kwa adabu yake tunayoijua. Kisha akasema, "Padre, hilo nitalisema mwenyewe siku moja. Leo niletee chai."

Tangu siku ile tumeisoma safari ya Paulo ya kwenda Rumi kwa macho mengine. Zamani tuliisoma kama hadithi ya dhoruba. Ukiisoma vizuri utaona kwamba sehemu kubwa yake ni habari ya abiria waliochelewa. Upepo ni wa mbisho, wanakwenda polepole siku nyingi, wanabadili chombo, msimu unawapita. Luka anataja kwamba siku za Mfungo zilikuwa zimekwisha kupita, yaani bahari imekuwa ya hatari. Wamefika Bandari Nzuri huko Krete. Paulo anawaambia wasiendelee. Akida anamsikiliza nahodha na mwenye merikebu kuliko abiria mfungwa, na ni nani asingefanya hivyo? Bandari haikufaa kukaa wakati wa baridi. Walio wengi wakataka kusogea kidogo tu, mpaka Foinike, mahali pazuri zaidi. Upepo wa kusi ukavuma taratibu, wakadhani wamepata. Muda si mrefu ikawashukia Eurakilo.

Sisi watu wa pwani tungepaswa kulielewa jambo hili kuliko wengi. Babu zetu walijua kwamba kuna kaskazi na kuna kusi, na kwamba jahazi la Arabuni haliondoki Unguja kwa kuwa tajiri anataka. Linaondoka upepo ukigeuka. Watu walikaa miezi wakingoja. Walishona matanga, waliziba nyufa kwa kalafati, waliuza, walioa. Hakuna aliyempigia kelele nahodha kwa sababu ya kaskazi. Sisi tumeyasahau hayo kwa sababu tikiti imeandikwa saa na dakika, nasi tukadhani kwamba dakika zile ni mali yetu.

Bado kuna pepo zisizosoma tikiti. Tarehe 14 Aprili 2010 mlima wa moto wa Eyjafjallajökull, huko Iceland, ulianza kulipuka chini ya barafu, na majivu yake yakafunga anga la sehemu kubwa ya Ulaya kwa siku sita hivi. Safari zipatazo 100,000 zilifutwa, na watu kama milioni 10 wakavurugikiwa. Wengi wanakumbuka watalii waliolala viwanjani. Wachache wanakumbuka Naivasha, nchini Kenya, ambako maua ya waridi yaliyokatwa kwa ajili ya soko la Ulaya yalioza, na vibarua wakaambiwa wakae nyumbani. Mama asiyepata kuiona Iceland hata katika picha alikosa posho ya siku kwa sababu ya majivu yake. Tarehe 7 Agosti 2013 moto uliteketeza jengo la kupokelea abiria wa kimataifa katika kiwanja cha Nairobi. Mwaka 2020 ugonjwa wa korona ulifunga anga kwa miezi. Tarehe 16 Aprili 2024 mvua kubwa isiyopata kupimwa nchini humo tangu kumbukumbu zianze mwaka 1949 iliifanya Dubai iwe ziwa, na jioni ya tarehe 23 Juni 2025 anga la Qatar lilifungwa kwa ajili ya makombora ya Iran. Na twajua ni wangapi wa kwetu wapitao Dubai na Doha waendapo Ulaya na Marekani. Hayo ni makubwa. Mara nyingi ni jambo dogo tu: ukungu wa asubuhi katika mji mmoja, spea inayongojwa kutoka mji mwingine. Ndege moja hufanya safari kadhaa kwa siku, basi uchelewaji wa asubuhi huwaangukia jioni watu wasiokuwapo hapo ulipoanza.

Je, basi Mkristo anyamaze tu? Hasha. Paulo hakunyamaza. Alikuwa raia wa Rumi, na kwa lugha ya leo tungesema alikuwa na pasipoti nzuri, nayo aliitumia. Kule Filipi alikataa kutolewa gerezani kwa siri, akataka mahakimu waje wenyewe. Mbele ya Festo alikata rufani kwa Kaisari. Kudai haki si dhambi, na wale wanaowaambia maskini kwamba ni utakatifu kutodai, mara nyingi wao wenyewe wamekwisha kupewa hoteli.

Kwa hiyo tuseme na hili, maana wengi wa parishi hii wana watoto ng'ambo. Nunua safari nzima kwa tikiti moja. Ukinunua vipande viwili ili kuokoa shilingi, na kile cha kwanza kikachelewa, kampuni ya kile cha pili haina deni nawe. Sheria ya Umoja wa Ulaya namba 261 ya mwaka 2004 iliweka kwamba msafiri aliyekwama katika viwanja vyao apewe chakula na mahali pa kulala, na safari ikifutwa achague kurudishiwa fedha au kupelekwa kwa njia nyingine. Uko pia Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, ambao Tanzania na Kenya zimo, unaohusu hasara itokanayo na kuchelewa. Omba sababu kwa maandishi. Tunza risiti, hata ya maji. Dawa za presha na sukari zisiwekwe kwenye sanduku linaloingia tumboni mwa ndege. Na ziwe za siku kadhaa zaidi ya safari yako. Kabla ya kuondoka uliza kama viza yako inakuruhusu kutoka nje ya kiwanja cha kati. Hilo la mwisho tumelijua kwa mgongo, katika viti vile vya chuma.

Na katika habari hiyo ya Paulo tuliona jambo ambalo hatukupata kuliona. Walipotia nanga Sidoni, akida Yulio alimtendea Paulo kwa wema akamruhusu kuwaendea rafiki zake apate kutunzwa. Hebu fikirini: mfungwa, njiani, katika bandari ya kupita tu, anapewa ruhusa ya kushuka! Hakuna sheria iliyomlazimisha Yulio. Na baadaye askari walipotaka kuwaua wafungwa wasije wakatoroka, ni Yulio huyo huyo aliyezuia. Watu wa namna hiyo wapo bado nyuma ya kaunta. Usiku wa pili, afisa mmoja wa mpaka, mtu mzima mwenye mvi, hakuweza kutufungulia mlango. Lakini alikwenda mahali akarudi na mablanketi mikono yote miwili, akayagawa bila kusema neno. Hatukumwuliza jina. Tunamwombea kwa jina la Yulio.

Sasa tuje kwenye kuni.

Merikebu imevunjika, watu 276 wamefika nchi kavu wakiogelea na wengine juu ya mbao. Mvua inanyesha, ni baridi. Wenyeji wa Melita wamekoka moto. Na Luka, aliyekuwapo, anatuandikia kwamba Paulo alikuwa akikusanya mzigo wa kuni. Mtume wa Mataifa! Mtu aliyetokewa na malaika usiku, aliyewaambia yatakayotokea na yakatokea. Angeweza kukaa karibu na moto akawakumbusha kwamba aliwaonya kule Krete. Ameinama kwenye mvua anaokota vijiti. Mahubiri mengi yanamhusu nyoka aliyetoka katika kuni zile. Sisi tunamwachia nyoka wahubiri wengine.

Maana Jumamosi ile, kama saa nane mchana ya huko, yaani saa tisa ya nyumbani, mama yetu alisimama. Alijua ni saa gani. Tulidhani anataka kusali, tukasimama naye. Akasema anakwenda kunawa uso. Akakaa muda mrefu, tukaanza kuwa na wasiwasi. Tulipomfuata tukamkuta benchi la nne nyuma yetu, ameshika mkono wa bibi mmoja mzee mwenye kitenge na koti la kiume.

Bibi yule alitoka Bukavu, anakwenda kwa mwanawe Kanada. Ndege yake nayo ilikuwa imefutwa, tangu Ijumaa asubuhi. Hakujua. Alifikishwa pale na mtu wa kiwanja, akaonyeshwa kiti. "Balinambia nikae hapa," alisema kwa Kiswahili cha kwao, akakaa. Ubao hakuweza kuusoma; matangazo hakuyaelewa. Kuponi za chakula ziligawiwa kwa waliopanga foleni, naye hakupanga foleni kwa kuwa aliambiwa akae. Kwa siku moja na nusu alikuwa amekula mayai mawili ya kuchemsha aliyotoka nayo nyumbani, na la tatu alikuwa amelihifadhi kwa ajili ya mwanawe.

Tafadhali tusomeni vizuri hapa. Tulikuwa watu watatu tunaojua Kiswahili, tunaojua Kiingereza, tunaojua namba za sheria. Tulizipigania kuponi zetu tukazipata, tukala mbele yake. Tulipita pale mara nyingi kwenda msalani. Tulimwona. Tuliona bibi wa Kiafrika amekaa, tukadhani ana watu wake. Aliyemwuliza ni mtu ambaye dada yake alikuwa akiteremshwa kaburini saa ile ile.

Mambo yaliyofuata yalikwenda upesi. Mwenye kola alipata hatimaye kazi inayofaa ulimi wake: alikwenda kaunta, safari hii kwa upole, na bibi akawekwa katika ndege ya Jumamosi jioni. Kijana wetu akampigia mwanawe Kanada, ambaye alikuwa amekwenda kiwanjani akarudi mikono mitupu, na alikuwa akilia. Mama yetu akamlisha, akamfunga viatu maana miguu ilikuwa imevimba, akamsindikiza hadi mlangoni. Walipoagana waliimba wimbo mmoja, kila mmoja kwa maneno ya kwao, sauti ikiwa ile ile. Bibi alimpa lile yai la tatu. Mama hakutaka kulipokea. Bibi akalitia mfukoni mwake kwa nguvu.

Hatusemi kwamba Mungu aliiharibu ndege ili bibi wa Bukavu apate chakula, wala kwamba alimnyima mama yetu kumzika dada yake kwa kusudi hilo. Mama mwenyewe hasemi hivyo. Tulipomwuliza kama tunaweza kuyaandika haya, alisema, "Andikeni, lakini msiseme ilikuwa vizuri. Haikuwa vizuri." Nasi tumemtii. Paulo naye aliwaandikia Wathesalonike kwamba alitaka kwenda kwao mara ya kwanza na ya pili, na Shetani akamzuia. Hakuupamba uzuio ule. Aliwaandikia pia Warumi kwamba amezuiwa mara nyingi kuwafikia. Kwa kuwa hakuweza kufika, aliandika, na waraka wenyewe tunao. Mungu anajua kutumia njia iliyokatika. Mwaka 1876 Askofu Steere alitoka na watu waliookolewa utumwani, nia ikiwa ni kuwarudisha kuelekea kwao, upande wa Nyasa. Walipofika Masasi wakaishia hapo. Safari haikufika ilikokusudiwa, nasi leo tuna Kanisa la Masasi. Hata hivyo waliokuwa wakingojwa Nyasa walingojwa bure, na hao nao mtu awakumbuke.

Jambo moja zaidi, na hili ni la shukrani. Luka anasema kwamba ndugu wa Rumi waliposikia habari walikuja kumlaki Paulo hadi Soko la Apio na Mikahawa Mitatu. Soko la Apio ni zaidi ya kilomita 60 kutoka mjini, kwa miguu. Na Paulo, aliyesimama imara katika Eurakilo, alipowaona hao akamshukuru Mungu akatiwa moyo. Twajua kwamba baadhi yenu mlikwenda kiwanja cha Dar es Salaam kutupokea Ijumaa asubuhi, mkarudi. Mlikwenda tena Jumamosi kwa sababu ya habari isiyo sahihi, mkarudi. Jumapili mchana tulipotoka mlangoni mlikuwapo, na akina mama walikuwa wamevaa kaniki tayari, maana msiba ulikuwa umewafikia kabla yetu. Hawakumwambia mama yetu neno. Walimbeba mizigo. Jioni ile ile walikuwa naye barabarani kwenda Muheza.

Kuanzia mwezi huu Umoja wa Mama wameweka daftari ofisini. Yeyote mwenye mzee anayesafiri peke yake safari ndefu aandikishe siku, njia atakayopita na simu ya ndugu. Naye mzee apewe karatasi ya kuvaa shingoni, imeandikwa jina lake, aendako, dawa zake, na lugha anayoisema. Vijana wamekubali kupokea simu usiku. Katika Litania ya kila Ijumaa ya Kwaresima tutakapowaombea wasafiri, tunyamaze kidogo, tuwataje kwa majina.

Kuweka msalaba kaburini huko Magila ni Jumamosi ya kwanza baada ya Pasaka. Gari litaondoka kanisani saa kumi na moja alfajiri. Nauli mpeni katibu wa Umoja wa Mama kabla ya Jumapili ya Matawi, na kila mtu aje na chakula chake cha njiani.